Wahitimu wazee wa Mlimani: tusingoje msiba ndo tuwajue

Kwetu Bongo mtu anajulikana vizuri siku anayozikwa. Ibada ikiisha anasimama mwanafamilia na karatasi yake mbili anaanza kusoma wasifu wa marehemu, alizaliwa wapi, alisoma wapi, alijiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, akahitimu 1976, akapangiwa kazi mkoa fulani, akahamishwa, akahamishwa tena, akastaafu, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Pale kwenye neno chuo kikuu utaona watu wanageukiana, kumbe mzee alikuwa na digrii! Huyu huyu aliyekuwa anashika daftari la kamati ya maji, huyu huyu aliyekuwa anatusuluhisha mipaka ya mashamba. Na waliokuwa wanakutana naye kila wiki ndo wanashangaa zaidi.

Hii "kumbe" mimi inaniuma sana, na ndo sababu nimekaa kuandika haya. Maana ukiangalia namna tunavyoenzi wahitimu wetu wazee utaona tuna njia mbili tu tunazozijua vizuri. Ya kwanza ni cheo, kama uliwahi kuwa waziri, jaji, balozi au mkurugenzi basi chuo kinakukumbuka, unaitwa kwenye kongamano, unakaa meza kuu. Ya pili ni kifo. Ukikosa cheo unasubiri kifo, na hata hicho kifo hakikupi sana, kinakupa hizo karatasi mbili na dakika chache kabla ya kuweka mashada. Kati ya hapo kuna maelfu ya watu waliosoma Mlimani, yaani hicho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ya 60, 70 na 80 mwanzoni, wakastaafu, wakarudi kwao, na wanaendelea kutumikia vijiji na mitaa yao bila mshahara, na chuo chao hakijui kama bado wanapumua.

Nikisema hawajulikani simaanishi hawaheshimiwi kijijini. Kijijini wanaheshimiwa mno, shikamoo hazina idadi. Nachosema ni kwamba taasisi iliyowasomesha na nchi iliyolipia masomo yao havina macho ya kuona utumishi wa aina hii, na kisichoonekana hakirithiwi, kinakufa na mwenye nacho.

Turudi nyuma kidogo maana bila historia hii jambo halieleweki. Chuo kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria, wanafunzi 13, kwenye jengo la chama cha TANU pale mtaa wa Lumumba, Mnazi Mmoja. Kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Kikahamia Mlimani mwaka 1964, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na Julai 1970 ndo kikasimama chenyewe. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba nchi ilipata uhuru ikiwa na mainjinia wawili na madaktari 12. Sasa fikiria uzito wa digrii moja katika nchi kama hiyo. Mwalimu alikuwa anawafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada, na akasema mtu huyo akila halafu asirudi ni msaliti. Kizazi kile kilisikia maneno hayo kikiwa bado darasani, hakikuyasoma kwenye vitabu vya historia.

Ila tusiwafanye malaika, na hapa naomba wasomaji wanielewe. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Mlimani na vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu kupinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), hawakutaka kukatwa sehemu kubwa ya mshahara wakati wa utumishi huo, na kulikuwa na bango lililosema afadhali wakati wa ukoloni. Mwalimu alikasirika, akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400, na siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa chuoni baadaye na wakaja kuwa watumishi wazuri tu wa nchi. Kwa hiyo ile hoja ya mitandaoni kwamba wazee wetu walizaliwa na uzalendo kwenye damu na vijana wa leo wamezaliwa na ubinafsi haina mashiko kabisa. Vijana wa 1966 walikuwa vijana kama hawa wa leo, walitaka gari, nyumba na mshahara mzuri. Kilichowabadilisha ni mfumo uliowazunguka, walipangiwa kazi Songea wakati walitaka Dar, wakapelekwa kwenye kampeni za kisomo cha watu wazima, wakashiriki ile kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ambayo watu walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio halafu wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 ndo kabisa, ilibidi mtu afanye kazi kwanza ndo aende chuo kikuu, na sehemu yake ya kazi na tawi la chama wamsemee. Maana yake mtu aliingia Mlimani akitokea kwenye jamii, jamii ikiwa inamjua kwa jina na tabia, na alipomaliza alikuwa na watu wa kuwajibu.

Naliweka hili mbele kwa sababu linabadilisha maana ya kuwaenzi. Kama utumishi wao ungekuwa kipaji cha kuzaliwa basi tungewapigia makofi tu yaishe. Lakini kama ulijengwa, basi unaweza kujengwa tena, na wenye ramani ya namna ulivyojengwa ni wao, na umri wao sasa ni miaka 70, 80 na kitu.

Nieleze mzee mmoja ninayemfahamu, yuko milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto, jina lake naliacha kwa sababu hajaniomba nimtangaze. Alifundisha hesabu sekondari za serikali maisha yake yote ya kazi, alistaafu zamani. Barazani kwake kuna ubao wa plaiwudi aliopaka mwenyewe rangi nyeusi, umeegemezwa ukutani, na jioni wanakuja wasichana wa kidato cha nne wa shule ya kata ya pale jirani, wanakaa kwenye benchi na wengine kwenye magunia, anawafundisha logarithimu na maumbo. Akiona mmoja amekosea hamwambii umekosea, anamwambia hebu nisomee ulichoandika kwa sauti, msichana anasoma, akifika mstari wa tatu ananyamaza mwenyewe maana ameliona kosa. Sijawahi kuona mbinu hii ikishindwa. Hawalipi hata senti, anachowadai ni kwamba waje na madaftari yao wenyewe na wasichelewe.

Siku moja nikiwa pale akaja mama mmoja mjane na fomu za mirathi za mahakama ya mwanzo, ukoo ulikuwa umeshakaa kikao ukaandika orodha ya warithi. Mzee akavaa miwani akaisoma taratibu, akauliza, na yule binti yako aliyeolewa Korogwe yuko wapi hapa? Mama akasema kimya kimya, wazee wa ukoo wamesema keshaolewa. Mzee akakataa kuandika chochote mpaka waitwe hao wazee wa ukoo. Na waliitwa, wakaja, akakaa nao pale pale barazani akiwaeleza kwamba mtoto haachi kuwa mtoto wa marehemu kwa sababu ameolewa, na kwamba huyo binti akienda mahakamani kulalamika kesi itasumbua ukoo mzima miaka na miaka. Walibishana sana, mmoja alinyanyuka akaondoka akarudi. Mwisho jina likaandikwa.

Sasa jiulize, kazi ile ina thamani gani? Wakili mjini angelipwa pesa nzuri tu kwa ushauri ule, na bado asingeweza kuwaita wazee wa ukoo wakaja. Elimu ya chuo kikuu peke yake isingetosha na uzee peke yake usingetosha. Ilihitaji mtu mwenye vyote viwili, anayeijua sheria kwa kuisoma na anayeaminika kwa kuishi pale. Mchanganyiko huu hauwezi kununuliwa na mradi wowote wa wafadhili, unachukua miaka 40 kutengenezwa. Na kwenye rekodi za chuo kikuu chetu mzee huyu ni namba ya usajili ya miaka ya 70, basi.

Kwa nini chuo hakimjui? Jibu la haraka ni kwamba rekodi za zamani ni za makaratasi. Sawa, lakini mi nadhani sababu ya ndani ni kwamba tunawafuatilia wahitimu kwa sababu mbili tu, pesa na heshima ya jina la chuo. Mwenye pesa anaweza kuchangia jengo, mwenye cheo anapamba kipeperushi. Mstaafu wa Lushoto hana vyote viwili kwa hiyo hakuna anayemtafuta. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Baraza la Masajili, chombo chenye kukutanisha wahitimu wote, na wenyewe naamini wana nia njema, lakini mikutano ya wahitimu inawafaa walioko Dar, walioko kwenye intaneti, wenye nauli na wenye magoti ya kupanda ngazi. Mzee wa miaka 78 aliyeko Ukerewe au Kasulu huwezi kumwita Nkrumah Hall, ukumbi wa pale chuoni, ukasema umemkumbuka.

Na hili la kumpata mtu sio gumu kama tunavyolifanya. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu ilianzishwa kwa sheria ya 2004, na tunajua wote inavyowafuatilia wadaiwa, ukiajiriwa tu mwajiri anakukata asilimia 15 ya mshahara. Nchi iliamua kwamba kumpata mhitimu anayedaiwa ni jambo la lazima ikajenga njia ya kumpata. Hawa wazee wetu walisomeshwa bure na kodi za wakulima, deni lao halikuwa la pesa, lilikuwa la utumishi, na wamelilipa wakapitiliza. Kama tunaweza kumpata anayedaiwa tunaweza kumpata aliyelipa. Kuna vitambulisho vya taifa, kuna mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma ambao unahakiki wastaafu wake kila mara, kuna watendaji wa vijiji na kata wanaojua kila mzee anakaa nyumba gani. Tuna hata sheria ya 2022 ya ulinzi wa taarifa binafsi inayoelekeza namna ya kufanya hivyo kwa ridhaa ya mwenyewe, kwa hiyo hata kisingizio cha faragha hakipo, unamuuliza mtu kwanza, akikubali unamuandika.

Nigeukie wale wanaojulikana, maana na wenyewe wana funzo gumu zaidi. Mtu anaweza kusema wenye majina angalau wanaenziwa. Kweli? Mzee Joseph Warioba alihitimu sheria pale Mlimani mwaka 1966, akawa Mwanasheria Mkuu, Waziri Mkuu, jaji wa mahakama ya kimataifa ya sheria za bahari. Mwaka 1996 akaongoza tume ya kero ya rushwa, na 2012 akiwa na miaka zaidi ya 70 akapewa Tume ya Mabadiliko ya Katiba, akazunguka nchi na wenzake kukusanya maoni ya wananchi. Umri ule wenzake walikuwa wanalea wajukuu. Novemba 2014 alikuwa kwenye mdahalo wa Katiba pale Ubungo Plaza, vurugu zikazuka, viti vikaruka, mdahalo ukavunjika na mzee akatolewa chini ya ulinzi. Alikuwa na miaka 74. Mtu anaweza kupinga Rasimu ya Tume mwanzo mpaka mwisho, ni haki yake, lakini kilichotokea pale ukumbini kinaonyesha mipaka ya heshima yetu kwa wazee, tunawapenda wakikata utepe, wakisema jambo tusilotaka kulisikia uzee wao hauwasaidii kitu.

Au Dokta Willy Mutunga. Huyu ni Mkenya lakini sheria alisomea Dar, akahitimu mwanzoni mwa miaka ya 70, zama zile Mlimani ilikuwa inachemka kwa mijadala na vijana walitoka Uganda, Kenya, Malawi na kusini mwa Afrika kuja kusoma. Akawa Jaji Mkuu wa Kenya 2011 mpaka 2016, na alipostaafu hakwenda kupumzika, amekuwa karibu na vijana wa vituo vya haki za kijamii kwenye mitaa ya watu wa kipato cha chini Nairobi, anakaa nao, anawafundisha Katiba yao. Mei 2025 alikuja Dar kufuatilia kesi ya kisiasa mahakamani, akazuiwa uwanja wa ndege wa Julius Nyerere akarudishwa kwao. Kila upande una maelezo yake na mi sio afisa uhamiaji. Lakini kama mhitimu wa Mlimani linanichoma, kwamba mzee wa miaka 77 aliyepewa elimu na mji huu hakuruhusiwa hata kutoka nje ya uwanja akauona.

Ndo maana nasema kumuenzi mhitimu mzee anayetumikia jamii kuna gharama, maana utumishi wa kweli unakwaruza. Yule wa Lushoto alikwaruza wazee wa ukoo. Profesa Issa Shivji alihitimu sheria Dar 1970, mwaka 1991 akapewa na serikali kuongoza tume ya masuala ya ardhi, na mapendekezo yake makubwa ya kuwapa wanavijiji nguvu juu ya ardhi yao serikali haikuyachukua yote ilipotunga sheria za ardhi za 1999. Angeweza kuishia hapo. Ila mwaka 1994 alishashiriki kuanzisha HAKIARDHI, taasisi ya haki za ardhi, na miaka yote watu wa vijijini wamekuwa wakifundishwa haki zao za ardhi kwa Kiswahili cha kawaida. Kumuenzi mtu kama huyo kwa ngao ya kioo bila kuyasoma tena yale mapendekezo ni kumpa nusu ya heshima.

Kuna mfano mmoja wa jirani unaonipa moyo. Profesa Miriam Were alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi miaka ya 70 mwanzoni, na akiwa mhadhiri akaenda Kakamega kufanya kazi na wanavijiji wenyewe, kwamba afya ianzie nyumbani kwao, wachaguane watu wa kuwafundisha wenzao usafi, chanjo na uzazi salama. Mwaka 2008 serikali ya Japani ikampa tuzo ya Hideyo Noguchi, yeni milioni 100, na sababu iliyotajwa ilikuwa kazi ile ile ya vijijini. Baadaye Chuo Kikuu cha Moi kikawa naye kama Mkuu wa Chuo. Na Septemba 2023 Kenya ikazindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima, wana mikoba ya vifaa na simu za kazi, wazo ambalo kina mama wa Kakamega walishalifanyia kazi zamani. Hapo naona heshima imekamilika zaidi, kwa sababu kazi yenyewe imepata warithi. Medali peke yake isingefanya hivyo.

Na nikishataja kina mama niseme hili kwa nguvu. Wahitimu wazee wanawake wanasahaulika mara mbili. Kwenye lile darasa la kwanza la 1961 alikuwemo Julie Manning, akaja kuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975, na ukiuliza wanafunzi wa sheria wa leo wangapi wanamjua jibu litakuumiza. Mama Gertrude Mongella alihitimu Dar 1970, akafundisha Chuo cha Ualimu Chang'ombe, dunia ikamjua Beijing 1995 akiwa Katibu Mkuu wa mkutano ule wa wanawake, lakini kwa watu wa Ukerewe ni mama yao aliyerudi kugombea ubunge na kuwatumikia. Hao ni wenye majina. Huku chini mwanamke mwenye digrii ya 1979 anayeshika hesabu za VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, anayewafuata wasichana waliopata mimba ili warudi shule, anayekaa na wagonjwa, watu wanaona ni umama wake tu, hawaoni kwamba ni utaalamu. Mwanaume akifanya nusu ya hayo anaitwa mzee wa hekima. Orodha yoyote ya kuwaenzi wahitimu isipoanza kwa kuuliza wanawake itajaa wanaume watupu bila mtu kukusudia, nimeshaona ikitokea kwenye kamati.

Sasa kuna hatari moja ambayo wapenzi wa jambo hili hatuisemi. Tukiwasifia sana wazee wanaofundisha bure tunaweza kuisaidia serikali kusahau kwamba shule ile ya kata haina mwalimu wa hesabu. Shule za kata zilijengwa kwa wingi kuanzia 2004 kwa nguvu za wananchi, jambo zuri kabisa, lakini walimu wa sayansi na hesabu hawakutosha mpaka leo. Na wakati huo huo mtaani kuna vijana wana digrii za ualimu miaka mingapi hawajaajiriwa, wanaendesha bodaboda, wanauza vocha. Kijana wa hesabu hana kazi, shule haina mwalimu wa hesabu, na katikati yao mzee wa miaka 80 amebeba pengo lote kwenye ubao wa plaiwudi. Hilo haliwezi kuitwa fahari ya taifa bila maswali. Heshima kwa mzee yule ingekuwa kumletea kijana mmoja pale barazani, alipwe posho na halmashauri, akae naye mwaka mzima, ajifunze ile mbinu ya nisomee ulichoandika, halafu aajiriwe. Mzee apumzike akitaka, aendelee akitaka.

Pia sio kila mzee mwenye digrii anastahili. Kizazi kile kile kilitoa watu walioua mashirika ya umma, waliojigawia viwanja, waliokula vyama vya ushirika mpaka wakulima wa kahawa na pamba wakafilisika, na baadhi yao leo wanakaa meza kuu kwenye mahafali. Umri sio sifa na cheo sio sifa. Ndo maana kipimo lazima kiwe kazi inayoonekana na inayosemwa na majirani, sio CV. Waulizwe wanaotumikiwa. Mtendaji wa kijiji, mwalimu mkuu, shehe, padri, kikundi cha kina mama, waambiwe tutajieni mhitimu mzee anayewafaa hapa na mtuambie anawafaa kwa lipi. Majirani hawadanganyiki kirahisi, wanajua nani anapokea simu saa nane usiku.

Nikiulizwa nianzie wapi, ningeanza na wanafunzi wenyewe. Kila mwaka Mlimani inatoa wanafunzi kwenda field, yaani mafunzo kwa vitendo, mikoani, wiki kadhaa, wanaenda halmashauri, shule, hospitali, mahakama. Kila mmoja apewe kazi moja ya ziada: mtafute mhitimu mmoja mzee wa chuo hiki aliyeko wilaya uliyopangiwa, mwamkie, muombe ridhaa, mrekodi kwa simu yako, umuulize alifanya nini kazini na anafanya nini sasa, na ni nini anaogopa kitaharibika akiondoka. Hili swali la mwisho ni muhimu kuliko yote maana ndo linalotoa orodha ya kazi zinazohitaji warithi. Rekodi ziende maktaba, ile mpya iliyofunguliwa 2018 ina nafasi, na kitengo cha East Africana kimezoea kutunza mambo ya aina hii. Mwanafunzi apate alama zake, asifanye kwa kujitolea, kwa sababu kitu kisicho na alama hakifanywi na tusijidanganye.

Faida ya kwanza itakuwa kwa huyo mwanafunzi. Anakwenda akidhani digrii isiyompa ofisi ni digrii iliyopotea, na hofu hiyo ni ya haki kabisa kwa hali ya ajira ilivyo, halafu anakutana na mtu ambaye digrii yake imeendelea kufanya kazi miaka 20 baada ya ofisi kufungwa. Hatapewa ajira na mkutano huo, na asiambiwe hivyo. Ila ataona namna nyingine ambayo mtu anaweza kuwa msomi, na atamuona mtu mwenyewe.

Kwa wazee wenyewe kuna mambo madogo yenye uzito mkubwa. Wengi shida yao ya kwanza ni afya. Wapo wenye kadi ya bima kupitia utumishi wao lakini kituo kinachotoa vipimo wanavyohitaji kiko mbali, wapo ambao waliacha serikali mapema na hawana kadi yoyote. Muhimbili ni mtoto wa Mlimani, madaktari waliosoma pale wamejaa hospitali zote za rufaa nchini. Baraza la Masajili likisema mhitimu mzee aliyetajwa na kijiji chake apate daktari mmoja wa kumpigia, mhitimu mwenzake, wa mkoa huo huo, halihitaji jengo wala mfadhili. Linahitaji orodha mbili na mtu wa kuziunganisha. Mzee anayeona vizuri baada ya kuondolewa mtoto wa jicho ataendelea kusoma fomu za mirathi za wajane miaka mingine kadhaa, faida inarudi kijijini hapo hapo.

Tuzo nazo zitolewe, sizikatai, watu wazima wanapenda kushukuriwa kama watoto wanavyopenda. Lakini zipelekwe kule waliko. Makamu Mkuu wa Chuo au mwakilishi wake aende Lushoto, akae kwenye mkutano wa kijiji, amkabidhi mzee cheti mbele ya wasichana aliowafundisha na wale wazee wa ukoo waliobishana naye, na asome sababu kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwamba tunakushukuru kwa hili na hili. Wasichana wale waone kwamba chuo kikuu kimewafuata barazani. Safari moja kila mkoa kwa mwaka ni safari 26 kwa Bara, na sikukuu ya wazee ya Oktoba 1 iko karibu kabisa na siku ya kuzaliwa kwa chuo, Oktoba 25, kwa hiyo ratiba yenyewe imeshajipanga.

Wanafunzi wakienda field mwaka huu wilaya tatu zinatosha kujaribu, Lushoto, Ukerewe na Rufiji kwa mfano, kwa sababu zina jiografia tofauti na zote ziko mbali na meza kuu za Dar. Barua ya ukurasa mmoja kwa wakurugenzi wa halmashauri, fomu fupi ya ridhaa kwa Kiswahili, na namba moja ya simu pale ofisi ya Baraza la Masajili ambayo mtu anapokea. Waliohitimu kabla ya 1985 wanaanza, maana hao ndo hawana muda.